Picha ya Baba Mdogo kwenye Fomu ya Wenyeji

Niliondoka Columbus asubuhi ileile shangazi aliponipigia simu kutoka Buffalo: baba mdogo, kule Louisville, alikuwa anajiandikisha kuwa mzawa wa Amerika. Ilibaki sahihi tu. Na wiki iliyofuata alikuwa na mahojiano ya uraia.

Nilimkuta mezani na fomu. Kundi fulani lilizigawa wakati wa mapumziko kwenye ghala analofanyia kazi, Jeffersontown. Lilidai kwamba serikali ni ya uongo, kwamba wao ndio wenyeji wa kwanza wa bara hili, na kadi yao inashinda leseni yoyote. Baba mdogo aliona foleni, akaona karatasi, akapanga mstari. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulijifunza hivyo: penye orodha, jina lako liingie kwanza, maswali baadaye.

"Ukisaini unaapa kwamba ulizaliwa raia wa hapa," nilimwambia. "Ikigunduliwa, uraia umekwisha. Wanaweza hata kukufukuza nchini."

Alicheka. "Weye mutoto wa université! Bon, soma hapa." Kidole chake kilikaa chini ya neno moja, mwenyeji. "Kule milimani kwetu walituita wageni mpaka wakachoma nyumba. Leo mutu ananiita mwenyeji, donc nikatae?"

Nikampigia shangazi. Akamjibu yeye, kwenye spika ya simu. Kazi yake ni kumtunza bibi mmoja mzee wa wenyeji wenyewe, ambao Buffalo ilijengwa juu ya ardhi yao.

"Nilimuuliza, kaka. Anasema kwao hawajazi fomu ghalani. Wanauliza mama yako ni nani, na nani kati yao anamjua."

"Mama yetu? Hapa?"

"Sikia. Kuna mutu leo analala kwenye kilima chetu, na ana karatasi inayosema ni chake. Unataka kuwa yeye?"

Baba mdogo akaomba mkasi. Alikata picha yake taratibu kwenye pembe ya fomu, maana ilikuwa picha nzuri, amevaa tai ya kanisani. Karatasi iliyobaki aliichana mwenyewe.

Tukaanza mazoezi ya mahojiano. Nilijifanya afisa.

"Ulizaliwa wapi?"

Akakaa wima. Akataja nchi, akataja kilima, akataja jina la mama yake, ingawa hilo la mwisho sikuwa nimemuuliza.