Vibanio Ishirini na Tatu

Kituo kile cha kulelea watoto kilikuwa na vyumba vinne, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa na kelele za kutosha kumwamsha marehemu. Cha nne kilikuwa cha Mama Shwari. Ukipita nje ya dirisha lake saa nne asubuhi ungedhani watoto wameshachukuliwa na wazazi wao, kumbe wamo wote ishirini na tatu, wamekaa mkekani, miguu wameinyoosha, wametulia kama maji mtungini. Mkuu wa kituo alipopata wageni alianzia chumba hicho, na mara nyingi aliishia hapo hapo.

Jina la Mama Shwari hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, nusu kwa sifa na nusu kwa kijicho, naye akalipokea lote kuwa sifa. Alikuwa na mwaka wa ishirini na mbili akilea watoto wa miaka mitatu hadi minne, na elimu yake ya malezi ilikuwa fupi: mtoto ale, alale, ajisaidie mahali panapohusika. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa na safu zake katika daftari la kila siku. Kama kungekuwa na jambo la nne la maana, alisema, waliochapa daftari wangelitengea safu.

Watoto aliwajua kwa vibanio. Kwa kuwa hawajui kusoma, kila mmoja alikuwa na kibanio chake cha nguo kilichochorwa picha kwa rangi ya kucha, ili nguo zake zikilowa zianikwe kwa kibanio hicho na zisivalishwe mwingine. Picha zikawa majina. Kulikuwa na Samaki, ambaye alilowa mara tatu kwa siku na hakuna aliyeshangaa. Kulikuwa na Kikombe, Ufunguo, Kofia na wengineo. Na kulikuwa na Mwavuli.

Mwavuli alikuwa msichana wa miaka minne kasoro. Alishamaliza karibu mwaka mzima kituoni, na katika mwaka huo hakuna aliyemsikia akitamka neno. Hakulia, hakung'ata mtu, hakumwaga kitu. Mama Shwari alimkalisha kando ya mlango, mahali pa watoto wasio na usumbufu, ili apate nafasi ya kupambana na wenye usumbufu. Jioni mama yake alipofika mbio, bado amevaa ovaroli la kiwanda cha sabuni, na kuuliza mtoto ameshindaje, alijibiwa vile vile kila siku: "Huyu ametulia tu. Hana shida." Mama mtu alishukuru, akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Sasa mwaka wa masomo ulikuwa umebakiza mwezi mmoja, na Mkuu alitaka orodha ya watakaopanda darasa la awali. Asiyepanda alirudi nyumbani, maana kituo hakikuwa na chumba cha waliovuka miaka minne, na nyumbani kwa Mwavuli hakukuwa na mtu tangu alfajiri mpaka jioni. Neno la mlezi ndilo lililokuwa la mwisho. Kwenye mstari wa Mwavuli, Mama Shwari aliandika kwa mwandiko mzuri: "Hasemi. Asubiri nyumbani." Hakuandika kwa ubaya. Aliandika kama mtu anavyoandika kwamba bomba halitoi maji. Ilikuwa bado ni penseli. Wino ungefuata Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, ametumwa na chuo kuchunguza vyumba kumi na kimoja vya malezi mjini hapo. Alisema anataka kuona siku za kawaida tu, walezi wasibadilishe kitu, na maelezo yote atayatoa mwishoni. Mkononi alishika kidude cha kuhesabia, kama vile vya walinda mlango wanaohesabu watu wanaoingia ukumbini. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akakataa chai.

Mtu anayekataa chai si wa kuchezea. Mama Shwari alikuwa ameshapitiwa na wakaguzi wa kila namna, wa vyoo, wa maji, wa vizima moto, na walichohesabu wote kilikuwa makosa. Kwa hiyo kidude kilipolia ka! mara ya kwanza, wakati akimuuliza Samaki amelowaje tena, alielewa papo hapo kwamba hilo ni kosa la kwanza. Samaki akajibu kwamba maji yalimfuata yenyewe. Kidude kikalia. Mama Shwari akamuuliza yalimfuata kutoka wapi, kikalia tena. Kufika adhuhuri alikuwa ameshaujua mchezo. Akiamuru watu wakae, wale au wanyamaze, kidude hakisemi kitu. Akiingia kwenye mazungumzo na mtoto, ka! Basi akajua kwamba wataalamu wa siku hizi hawataki mlezi apige soga kazini, na kusema kweli aliona wana haki.

Siku ya pili akapunguza. Siku ya tatu akaongoza chumba kwa kidole na macho. Siku ya nne kidude hakikulia kutwa nzima, isipokuwa pale Kofia alipomuuliza kama anaumwa, naye akajisahau akamjibu. Alirudi nyumbani amevimba kichwa, akamwambia mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, atafute msumari wa kutundikia cheti.

Wiki iliyofuata mtafiti aliwaita walezi mmoja mmoja, faraghani, katika stoo ya magodoro. Alieleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Alichokuwa akihesabu ni maongezi ya kupokezana: mlezi anauliza, mtoto anajibu, mlezi anaendeleza. Alisema tafiti nyingi zimeonyesha kwamba hapo ndipo mtoto anapojengea lugha na akili yake, katika kurushiana maneno na mtu mzima anayemngoja ajibu, na kwamba amri peke yake haimjengi. Kila mlio wa kidude ulikuwa alama nzuri.

Mama Shwari alikasirika kama mtu aliyekimbia mbio zote akielekea kusiko. Akasema hesabu hizo zifutwe, kwani siku tatu nzima alikuwa akijizuia kusema ili apate alama, na akaeleza kisa chote cha wakaguzi. Mtafiti hakucheka. Aliandika yote, akakiri kwamba kosa ni lake, alipaswa kulifikiria.

"Basi, Mama, hizo tatu tuziache," alisema. "Tuangalie ya kwanza peke yake, kabla hujaanza kujizuia."

Akageuza karatasi. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuandika majina ya watoto, aliwafuatilia kwa picha za vibanio, kila picha na mstari wake. Samaki alikuwa na kumi na tisa, Kikombe saba, Kofia sita. Mama Shwari alishuka nao kwa kidole hadi mstari wa mwisho, penye mwavuli mdogo. Palikuwa na sifuri.

"Hapa umesahau kujaza."

"Sikusahau, Mama. Huyu nilimwangalia kuliko wote. Ulimsemesha mara nne. 'Kaa' mara mbili, 'kula', na 'lala'."

"Huyo hasemi."

"Ulimuuliza nini asikujibu?"

 Mama Shwari aliurudia mwaka mzima kichwani akitafuta swali moja tu alilowahi kumuuliza mtoto yule, hata la kijinga, hata la kuhusu viatu. Hakuliona. Alimpenda Mwavuli, hilo ndilo lililomuuma. Alimpenda kwa sababu hakumhitaji. Aibu ilimpanda taratibu tangu miguuni, akabaki amekaa juu ya magodoro mpaka alipoitwa, Samaki amelowa.

Nyumbani alimsimulia mume wake. Mzee, badala ya kumfariji, alifikiri kidogo, akasema na yeye angependa ahesabiwe, kwani ana mwaka wa thelathini na moja katika nyumba hii na siku hizi hata "kula" haambiwi, anaona sahani tu. Mkewe hakucheka. Asubuhi, hata hivyo, alimuuliza amelalaje, na mzee akashtuka akamwaga chai.

Siku hiyo Mama Shwari alivitoa vibanio vyote kwenye kamba akavibana upande wa kushoto wa aproni yake. Kila mtoto aliyepokezana naye maneno walau mara tatu, kibanio chake kilihamia kulia. Wazazi walipouliza kulikoni, aliwajibu kwamba amejianika. Watoto nao, walipogundua kwamba wanasikilizwa, walifungulia yote waliyokuwa wameyaweka: habari za nyumbani, za majirani, na nyingine ambazo wazazi wao wasingependa zitoke. Chumba kikachangamka kama sokoni. Mlezi wa chumba cha jirani alikuja kuchungulia akidhani kuna mgonjwa, na Mkuu alileta wageni, akafika mlangoni, akawageuza.

Kufikia saa saba mchana vibanio ishirini na viwili vilikuwa kulia. Kushoto kilibaki kimoja.

Mwavuli alitolewa kando ya mlango akakalishwa katikati. Mama Shwari alichuchumaa mbele yake, akamuuliza kama viatu vyake ni vipya, akangoja. Mtafiti alikuwa amemfundisha kuhesabu hadi kumi moyoni kabla ya kukata tamaa. Ni hesabu ndefu kuliko watu wanavyodhani, na katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumngojea mtoto zaidi ya mbili. Mwavuli alimtazama kama mtu aliyesemeshwa na kabati. Kesho yake akaulizwa juu ya mvua, keshokutwa juu ya paka aliyekaa ukutani. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikafuata, na kibanio hakikusogea. Mama Shwari alianza kuogopa kwamba neno lile la penseli lilikuwa kweli, na zaidi aliogopa kwamba halikuwa kweli siku ile alipoliandika, ila limekuwa kweli kwa mkono wake.

Alhamisi, siku moja kabla ya wino, watoto walikuwa wamelala mchana. Mama Shwari alivua aproni, akaitundika kwenye kiti, akatoka kwenda kukamua kaptula ya Samaki. Aliporudi alisimama mlangoni. Mwavuli alikuwa macho. Alikuwa amevibandua vibanio vyote, akavipanga safu ukingoni mwa mkeka, naye amesimama mbele yake, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa anasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ukavu wake Mama Shwari aliutambua, maana ulikuwa wake mwenyewe.

"Samaki, kaa. Kofia, nyamaza. Kikombe, kula. Haya, lala."

Kaptula ilimchuruzikia miguuni, asihisi. Alienda akakaa sakafuni, taratibu, magoti yakilia. Kibanio kimoja hakikuwa kwenye safu. Kilikuwa kimewekwa mbali, kando ya mlango, peke yake.

"Na huyu je?" aliuliza, akikionyesha kwa kidole.

Akaanza kuhesabu moyoni. Alikuwa amefika nane.

"Huyu ametulia tu," alisema Mwavuli. "Hana shida."

Mama Shwari alilia. Hakutaka, na chumba kilikuwa kimelala, lakini alilia. Mwavuli alimtazama kwa makini, kisha akamwambia anyamaze.

"Ninyamaze kwa nini?" aliuliza Mama Shwari.

"Watoto wamelala."

Mama Shwari alikichukua kile kibanio kando ya mlango na kukibana kwenye nguo yake, upande wa kulia, kwani aproni ilikuwa mbali. Kisha alitafuta kifutio. Alifuta mpaka karatasi ikawa nyembamba, akaandika kwa wino, siku moja kabla ya wakati, kwamba mtoto anasema na apande na wenzake. Mkuu alipouliza amesema tangu lini, alijibiwa kwamba swali hilo linahitaji safu ya nne, na kwamba safu hiyo imeshachorwa kwa rula katika daftari zima.

Jioni mama mtu alikuja mbio kama kawaida, ovaroli lina unga wa sabuni mabegani. Akauliza mtoto ameshindaje. Mama Shwari alikuwa amejiandaa tangu mchana kwa furaha ya mama huyo. Hata leso alikuwa nayo.

"Leo amesema," alimwambia.

Mama mtu hakushangaa. Aliinama akamfunga mtoto viatu, ingawa vilikuwa vimefungwa, uso wake ukaingia haya, kama aliyekuja kushtakiwa.

"Nisamehe, Mwalimu. Nyumbani anasema mpaka usingizi unampitia. Kila asubuhi tukifika hapo getini namwambia anyamaze, asije akakuchosha."

Hilo nalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Leso ilibaki mkononi mwa Mama Shwari, na mwenye kuihitaji akawa yeye.

"Kesho usimwambie," alisema.