Mikunjo Mitatu

Fundi wetu wa nguo hana kitabu cha mitindo hata kimoja. Ukimwonyesha picha kwenye simu, huitazama kwa adabu, kama mtu aonyeshwaye mtoto wa jirani, kisha macho yake yanakwenda kutafuta kazi kwingine. Mikono ya blauzi ya shangazi aliitoa kwenye mdomo wa birika. Kola ya mwalimu mkuu ilitokana na kuku aliyelowa mvua, na mwalimu mkuu hajaambiwa mpaka leo. Wazo likimjia, huchomoa chaki nyuma ya sikio na kulichora pajani, juu ya suruali yake mwenyewe, ndiyo maana akisimama hufanana na ubao wa darasa. Siku dada alipokwenda kupimwa gauni la harusi, Baba alikaa kwenye benchi la mlangoni, mgongo kwetu, akisoma gazeti. Dada alieleza anachotaka, Mama akaongezea, akaongezea tena. Fundi aliitikia "mmh" huku amekikodolea macho kisogo cha Baba, na chaki inatembea pajani: mstari, mstari, mstari.

Gauni lilikuja na mikunjo mitatu minene, laini, chini kidogo ya shingo. Ukumbini wanawake walipanga foleni kuigusa. Baba, kichwa kimemvimba kwa sifa, akamfuata fundi mezani.

"Fundi, na mimi nishonee koti lenye mikunjo kama ile, hapa nyuma."

Fundi alimeza tonge kwanza.

"Itakuwa sita, mzee."