Weris na Uvimbe wa Shabel

Weris Bulle alikuwa mjane mwenye mbuzi thelathini na wawili na mbwa jike mmoja, jina lake Shabel, yaani chui kwa Kisomali. Boma lake la miiba lilikuwa nje kidogo ya Iftin, pale nyumba za Garissa zinapokoma na vichaka kuanza. Tangu Shabel aanze kulala mlangoni pa boma, mwaka wa sita huu, fisi hajaonja hata kwato. Waliomcheka Weris kwa kufuga mbwa aliwajibu kwamba mbwa wa kulinda mifugo ameruhusiwa na dini, na ni kweli.

Siku moja, Weris akimtoa Shabel mwiba pajani, vidole vyake viligusa kitu kigumu kando ya chuchu ya mwisho, kidogo kama punje ya mahindi. Hakushtuka. Maisha yake yote ametibu viwele vya mbuzi na ngamia. Akaikamua chuchu ile, halikutoka tone. Basi akafanya kama mamake alivyomfundisha: akatia chuma motoni, akachoma alama tatu juu ya uvimbe. Shabel alilia, kisha akamlamba mkono, akarudi kulala mlangoni.

Kidonda kilipona, uvimbe ukakua. Mvua za vuli ziliukuta kama limau, ngozi imepasuka, na Shabel akawa anaachwa nyuma mbuzi wakienda malishoni.

"Mwache afe, walaal, ndugu yangu," akasema Anab, jirani yake. "Mbwa ni mbwa."

"Na fisi akija nimwite nani? Wewe?"

Asubuhi iliyofuata alimpakia Shabel kwenye mkokoteni wa punda, akapita naye katikati ya soko la mifugo. Madalali wakashika mbavu.

"Weris! Huyo anauzwa kwa kilo ama mzima?"

"Njoo umkague meno kwanza," akajibu, bila kugeuza shingo.

Kwenye kliniki ya mifugo, Musembi, daktari aliyetoka Kitui, alizoea kuletewa mbwa wa kuchanjwa kichaa tu. Alipiga magoti akaubonyeza uvimbe taratibu.

"Daktari, hii kiwele nimechoma, imekataa kubona," Weris akasema.

"Mama, huu si ugonjwa wa kiwele. Ni uvimbe unaoota kwa mbwa jike waliokomaa. Ulipokuwa punje ningeutoa kirahisi. Moto ulichoma ngozi, mzizi ukabaki."

Weris aliziangalia zile alama tatu. Mkono uliozichora ulikuwa wake, na hakumtafuta mwingine wa kulaumu.

"Sasa?"

"Sasa nikate, pamoja na chuchu mbili. Lakini kama umeshafika kwenye mapafu, kisu hakitamwokoa. Na hapa sina mashine ya kunionyesha."

"Wewe kata. Mabafu tutajua mbele."

Musembi akamwita msaidizi wake, Abdihafid, aje kumshika mbwa. Abdihafid akarudi hatua mbili nyuma. "Daktari, mimi nina udhu wangu."

"Kaa nao," Weris akamwambia, akikunja mikono ya dirac, gauni lake pana. Alikishika kichwa cha Shabel mpaka dawa ikamlaza, kisha akaishika miguu ya nyuma muda wote kisu kilipokuwa kazini. Damu ilimrukia, hakuangalia pembeni. Kazi ilipokwisha alinawa mara saba, moja kwa mchanga, kama dini inavyoamuru kwa aliyeguswa na mbwa. Maji alimiminiwa na Abdihafid, bila kuombwa.

Nyumbani alikata mtungi wa plastiki, akamvisha Shabel shingoni asilambe nyuzi. Siku kumi nzima Weris ndiye aliyelala mlangoni pa boma, na rungu ubavuni. Mbuzi walibaki thelathini na wawili.

Siku ya kutoa nyuzi, Musembi alisikiliza kifua kwa muda mrefu. "Anapumua vizuri. Lakini sikuahidi kitu, mama. Uvimbe huu hurudi. Mkague kila mwezi, na ukikuta hata punje, uje siku hiyo hiyo."

Tangu hapo, kila mwezi unapoandama, Weris humlaza Shabel chali uani na kupitisha vidole chuchu kwa chuchu, zote nane zilizobaki, polepole, kama mtu apembuaye mchele. Bado hajakuta kitu.

"Utapapasa chuchu za mbwa mpaka lini?" Anab alimuuliza juzi, ameegemea ua.

"Mpaka mmoja wetu azikwe. Hebu nyamaza, umenipotezea ya tano."

Akaanza upya kutoka ya kwanza.