Mama Sijaona na Mstari wa Kumi na Nne

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko linakokaa. Ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Mama Sijaona. Lilianza siku afisa mmoja mgeni kazini alipomletea ripoti ya visima hamsini vilivyochimbwa. Aliisoma, akaifunga, akaisukuma ikarudi upande wa pili wa meza.

"Sijaona," akasema.

Afisa akaharakisha kumfunulia ukurasa wenye jedwali.

"Jedwali nimeliona, mwanangu. Visima ndivyo sijaviona."

Wiki iliyofuata akaenda kuviona. Vilikuwa thelathini na tisa.

Ni mwanamke mfupi, wa miaka hamsini na minane, mwenye miwani iliyofungwa kamba ya kiatu ili isianguke akiinama. Chini ya meza yake, ghorofa ya tatu ya jengo la mipango, kuna jozi ya viatu vya mpira vyenye matope ya wilaya mbalimbali. Vijana wa takwimu humtania kwamba ukitaka kujua Mama alikuwa wapi, kwangua soli. Hakasiriki. Huwaambia wakwangue, lakini waandike tarehe.

Kwa miaka sita sasa kazi yake kubwa ni fomu moja. Kila baada ya miaka miwili, nchi kadhaa zinazoendelea huambiana kwa maandishi nani amempa nani nini. Zilikubaliana zenyewe, baada ya vikao vilivyowakausha koo wakalimani, kwamba mkono wa mnyonge kwa mnyonge mwenzake usipimwe kwa mizani ya tajiri. Mbegu iliyovuka mpaka iandikwe. Daktari aliyeazimwa mwaka mmoja aandikwe. Fundi aliyekuja na sanduku moja la spana aandikwe, na kiandikwe pia kilichobaki baada ya yeye kuondoka. Mama Sijaona alikuwa kwenye kikao hicho, na maneno hayo ya mwisho, "kilichobaki", aliyapigania siku mbili. Alipoyapata, akarudi hotelini akalala na viatu.

Sasa maneno hayo yalikuwa yamemgeukia mwenyewe.

Mstari wa kumi na nne wa fomu ulihusu pampu za mkono za maji. Miaka minane nyuma, nchi rafiki, ambayo nayo inahesabu tonge, ilimtuma fundi wake mmoja kwa miezi mitano. Alifundisha mafundi kumi na wawili katika karakana ya wilaya moja, akapigiwa makofi, akaondoka. Ripoti yake ililowa paa lilipovuja. Kilichopona ni karatasi moja ya mahudhurio. Na mwaka huu nchi ya tatu, yenye pampu zilezile na ukame wake, ilikuwa imeomba: mnaweza kutuletea mafundi wenu wanne watufundishe na sisi? Kamati ya pamoja ya nchi hizo ingeamua kwa kutazama fomu. Mstari wa kumi na nne ukiwa mtupu, ombi linaanguka. Zilibaki siku kumi na mbili.

Mkurugenzi wake, kijana wa suti nzuri ambaye Mama alimfundisha kazi alipokuwa na suti moja, tayari alikuwa ameandika kwa penseli: *120*.

"Hii imetoka wapi?" Mama akauliza.

"Hesabu nyepesi, Mama. Walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja tuseme kafundisha kumi. Nani atakwenda kuhesabu?"

"Mimi."

"Mama, siku kumi na mbili!"

"Njia ya mwongo ni fupi, lakini si fupi hivyo. Nipe gari."

Alipewa gari pamoja na dereva aitwaye Breki, aliyepata jina hilo kwa sababu za wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa kiti cha nyuma. Walifika wilayani saa nne asubuhi, Mama akiwa ameshika dari kwa mikono miwili.

Katika karakana, bati lenye matundu juu na sakafu nyeusi kwa grisi chini, walimkuta mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, akivuta bomba kutoka kisima cha mafunzo kama anayevuta mbuzi mkaidi. Wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Mgeni wenu alifundishaje?" Mama akamwuliza, daftari mkononi. "Mlizungumza lugha gani?"

"Lugha? Alikuwa na maneno sita tu, Mama. Angalia. Fanya. Hapana. Tena. Vizuri. Chai." Shangazi alifuta mikono. "Kwa hayo sita tulijenga urafiki wa kulia siku ya kuagana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona kweli. Kabla yake pampu ikifa, tunaizika."

"Na wewe umefundisha wangapi?"

"Wengi."

"Wengi ni wangapi?"

Shangazi akamtazama Breki kama anayeomba msaada. Breki akatazama angani. Yeye keshazoea.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kati ya wale kumi na wawili, wawili walikuwa wamefariki, watatu walihama, mmoja alifungua duka la simu. Waliobaki walikuwa wamefundisha wapwa, mashemeji, majirani, mtu aliyesimama kutazama akaishia kushika spana. Hakuna aliyeandika. Na kila fundi aliyepatikana kando ya kisima, akiulizwa nani kamfundisha, alipiga kifua: "Kichwa changu mwenyewe, Mama." Mzee mmoja aliapa kwamba ujuzi huo aliota ndotoni. Mama aliandika: *ndoto, 1*, kisha akaifuta.

Kwa siku nne alizunguka vijiji, akipiga picha za pampu kwa simu, maana asiyekuwa na jibu hukusanya alichonacho. Alirudi Ijumaa na idadi moja aliyoweza kuiapia: sita. Mafundi sita, walewale waliobaki kazini, kwa miezi mitano ya mtu aliyeacha mke na watoto kwao. Njiani Breki, kwa heshima, aliendesha polepole.

Jumamosi alikaa barazani kwake na kikombe cha chai kilichopoa. Mumewe ni fundi baiskeli. Karakana yake ni hiyohiyo baraza, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa mgeni anayeingia sebuleni huvuka kwanza minyororo na pedeli. Alimtazama mkewe kidogo.

"Mama Pacha, umenuna kama pancha."

"Niache, Baba Pacha. Natafuta wanafunzi ambao hawajijui kuwa ni wanafunzi."

"Hebu nione hizo picha. Labda mmoja ananidai."

Alifuta vidole kwenye kaptula, akachukua simu, akaanza kuzipitisha. Pampu, pampu, pampu. Mipini yote ilikuwa imeviringishiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ili chuma kisiunguze viganja jua likikolea. Mumewe alianza kwenda haraka, kisha akapunguza. Kisha akarudi nyuma.

"Huyu aliyefunga hapa ni wa mkono wa kushoto."

"Yupi?"

"Huyu. Na huyu." Akapitisha nyingine. "Na huyu pia! Mke wangu, ni wilaya gani hii ya mashoto watupu?"

Mama aliweka kikombe chini. Mumewe akachukua kipande cha bomba na ukanda wa tyubu, akaviringisha kama anavyofunga mishikio ya baiskeli kila siku. "Tazama mistari inavyolalia. Mkono wa kulia huilaza huku. Anayeshika ukanda kwa kushoto huilaza kule. Kazi ni ileile, inashika vilevile. Lakini hakuna mtu wa kulia atakayefunga hivi kwa hiari yake. Inamsumbua. Ni kama kufunga kifungo cha shati la mwenzako."

Mama alikuwa ameshapiga simu. Aliiweka sauti ya nje ili mumewe asikie.

"Shangazi, mpini wa pampu unaufungaje?"

"Kama unavyofungwa, Mama."

"Wewe hutumia mkono gani?"

"Kulia. Spana kulia, kijiko kulia."

"Na ule ukanda wa tyubu unakupa taabu kuufunga?"

"Ukanda? Eh, Mama, ule ukanda! Mkono unapinda hadi kiwiko kinalia. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Nilipowahi kufunga vingine, mgeni alisema 'hapana, tena', tukafungua. Na mimi nikimwona mwanafunzi anafunga vingine, namfungulisha."

"Shangazi. Mgeni wenu alikuwa anakorogea chai mkono gani?"

Kikasikika kicheko kikubwa hata mumewe akaangusha bisibisi.

"Kushoto! Mama, Mungu wangu, kushoto! Miaka minane najipinda bure!"

"Usiache," Mama akamwambia haraka. "Nakuomba, mpaka Jumatano usiache."

Fomu ilitakiwa Jumatano; alikuwa na siku tano. Aliwapigia makatibu wa kamati za maji wa wilaya ile na mbili jirani, akawaomba jambo moja: nipigieni picha mpini wa kila pampu, mniambie na jina la fundi aliyeufunga mara ya mwisho. Wengine walidhani ni mashindano ya usafi, wakaosha pampu kwanza. Zilikuja picha mia mbili na kumi na nne. Akaomba pia picha sitini kutoka wilaya ya mbali kabisa, upande wa pili wa nchi, ambako mgeni hakufika wala mwanafunzi wake. Huko mipini yote ilikuwa imefungwa kwa mkono wa kulia, isipokuwa miwili.

Miwili hiyo ilimnyima raha. Alipiga simu. Ikawa ni kazi ya fundi mmoja, shoto tangu tumboni mwa mama yake. Basi, kwa haki, akampigia kila fundi wa zile wilaya tatu ambaye mpini wake ulilalia kushoto, akamwuliza anaandikia mkono gani. Walikuwa arobaini na wawili. Arobaini na mmoja walikuwa watu wa kulia wanaojipinda. Mmoja alikuwa shoto wa kuzaliwa.

"Mwache, Mama," msaidizi wake wa takwimu alisihi. "Inawezekana na yeye alifundishwa."

"Inawezekana. Sijaona." Akamkata yule shoto kwenye orodha.

Yule mzee wa ndoto alikuwemo ndani ya arobaini na mmoja. Ndoto yake nayo ilikuwa ya kushoto.

Jumatano asubuhi aliweka fomu mbele ya mkurugenzi. *120* ilikuwa imefutwa hadi karatasi ikachakaa, na pembeni kwa wino: *41*.

Mkurugenzi alisugua paji la uso. "Mama, nchi nyingine zinaleta mamia. Arobaini na moja itaonekana ndogo. Tukikosa nafasi hii, nitawaambia nini wale mafundi?"

Lilikuwa swali la haki. Mama alikuwa amewaona wale mafundi wanne waliochaguliwa kusafiri. Shangazi, mmoja wao, alikuwa ameshanunua sanduku.

"Utawaambia niliwaangusha mimi," alisema. "Lakini wewe mwanangu ukiulizwa ile mia na ishirini ni akina nani, utamtaja nani? Hawa ninao kwa majina. Mmoja mmoja."

Mkurugenzi alitazama orodha. Akatoa kalamu, akaishika kitambo, akatia saini. "Basi kamati utakwenda kuieleza mwenyewe."

Alikwenda. Katika chumba chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama askari, hakufungua kompyuta. Alitoa mkobani vipande viwili vya bomba alivyofungiwa na mumewe, kimoja kulia na kimoja kushoto, akavipitisha mkono kwa mkono. Akaeleza kwa dakika saba. Mwakilishi wa nchi rafiki, mama mwenye mvi aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa, aliinua kichwa.

"Huyo fundi namfahamu," akasema kupitia mkalimani. "Amestaafu. Shuleni walimchapa ili aache kutumia kushoto. Nitampelekea habari."

Mjumbe mwingine aliuliza kama kipimo hicho kinaweza kutumika kwa miradi mingine. Mama akasema hapana, kila mradi uvaliwe viatu vyake wenyewe. Wakacheka, kisha mwenyekiti akasoma uamuzi: mafundi wanne waende.

Siku ya safari Mama hakwenda uwanja wa ndege. Alikuwa wilaya nyingine, akihesabu mizinga ya nyuki. Miezi mitatu baadaye, akila chakula cha mchana mezani kwake, simu ilitoa mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha kutoka kwa Shangazi: pampu katika nchi ambayo Mama hajawahi kuikanyaga, udongo mwekundu, na mpini uliofungwa ukanda wa tyubu unaolalia kushoto. Shangazi hakuacha, hata Jumatano ilipopita.

Vijana wa takwimu walimzunguka, wakapiga makofi. Msaidizi wake alikuwa ameshafungua fomu mpya, kidole juu ya kitufe. "Niandike, Mama?"

"Ngoja." Mama aliandika ujumbe kwa kidole kimoja: *Nani kafunga, nyinyi au wao?*

Walisubiri. Chakula kikapoa. Kisha jibu likaja.

*Wao. Sisi tulikuwa tunakunywa chai.*

Mama Sijaona alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena, akaitazama picha mara ya pili.

"Andika moja," akasema.