Kaburi la Kasiano Juu ya Chemchemi

Klara alikuwa na ulimi, na kilima chao chote huko Muyinga kilijua. Kwenye mkutano wa mpango wa ardhi, wanaume wakiwa bado wanakohoa na kutazamana, mkono wake ndio uliotangulia kwenda juu. Chemchemi inakauka, alisema. Watu wanalima mpaka kwenye jicho lake, halafu wanashangaa ndoo hazijai. Soko jipya na lijengwe kule chini kwenye tambarare, hakuna anayekataa, lakini mteremko uachiwe miti. Wakampigia makofi. Akaketi amejaa furaha, na ilikuwa haki yake.

Alikosea jambo moja tu. Kilimani pale mtu husoma mipaka ya ardhi kwa ua. Husni, mpimaji ardhi wa komini, yaani wilaya yao, mtoto wa wafanyabiashara wa Kiislamu wa mjini, aliposema hifadhi ya chemchemi itaishia pale mteremko unapolegea, Klara alielewa ni kwenye ua wa miti ya minyaa alioupanda marehemu mumewe, Kasiano. Juu ya ua kulikuwa na migomba yao, na katikati ya migomba alilala Kasiano. Pembeni yake paliachwa nafasi ya Klara.

Husni alipokuja kupigilia vigingi, aliuvuka ua, akaivuka migomba, akaendelea kupanda.

"Mama Elias, mi sina ubaya na we," alisema, macho yake chini. "Lakini mstari iko inapita kule juu. Kaburi ya mzee itabaki, hakuna mutu ataigusa. Ila kuzika tena hapa, non. Maji ya watu wote iko chini yake."

"Na mimi mtanizika wapi?"

"Kwenye makaburi ya komini, kando ya barabara ya Kobero. Ukitaka, tutamuhamisha mzee, mulale pamoja."

Klara aligeuka, akaenda kwenye migomba, kaburini.

Kasiano alivushwa mpaka wa Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia ukimbizini Tanzania, akahamishwa kambi moja hadi nyingine. Huko ndiko alikomwoa Klara, na huko ndiko walikomzika binti yao Happy, kwenye mstari wa makaburi ya watu wasiowajua. Siku ya kurudi, Kasiano alisimama pale kaburini mpaka dereva wa lori akachoka kupiga honi. Walipofika Burundi, shamba la baba yake lilikuwa na wenyewe wapya. Wakahama tena, wakapewa mteremko huu kwa sababu hakuna aliyeutaka. Kasiano akapanda ua, akasema, "Kwetu hakuna atakayelala peke yake tena." Na alipougua, siku zake za mwisho, aliushika mkono wa Klara akamwambia, "Msinihamishe tena."

Maneno hayo mawili Klara alikuwa ameyatunza pamoja miaka yote. Sasa hayakuweza kukaa pamoja, na yalimrarua moyo.

Elias, mwanawe, alikuja kutoka Gitega, anakouza viatu mtaa wa Magarama. Kila mwaka alimwomba mama yake ahamie kwake, na kila mwaka Klara alimjibu kwamba hawezi kumwacha mzee.

"Mama, tumhamishe," alisema. "Atakuwa na wewe. Yeye mwenyewe angetaka hivyo."

"Tungeweza kumwambia Husni asogeze kigingi," alisema Klara.

"Tungeweza?"

Klara alitazama chini ya mteremko. Wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye chemchemi, wakikinga maji kwa vikombe. Ni yeye aliyewasemea. Alilia hapo hapo mbele ya mwanawe, bila kujificha.

Siku ya kupanda miti alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Alichagua mche ulionyooka, akauchimbia shimo kwenye ile nafasi iliyoachwa pembeni ya Kasiano. Husni alimwona, akageukia upande mwingine.

"Mwacheni hapa," Klara alisema, akishindilia udongo kwa viganja. "Amehamishwa vya kutosha."

"Na wewe, mama, ukalale peke yako kule?" Elias aliuliza.

"Mimi nitazoea."

Elias alimshika bega akamsaidia kuinuka. Alijua kwamba mama yake hatazoea.