Makapi Mbele ya Jipu

Kwetu mama mukwe hakai karibu na mukwe wake. Hamuangalii machoni, hali naye sahani moja, na akiwa na neno anampitishia binti yake. Ndiyo maana, miaka yote ambayo mume wa binti yangu ameendesha jipu, gari niliyoachiwa na marehemu mume wangu, mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya mupunga, nikitazama kisogo chake. Kisogo hakikuambii kitu.

Jipu yenyewe ni ya zamani. Vijana wa pikipiki pale soko la Kasongo wanaiita bibi, na wakiniona ninashuka wanasema bibi ameshuka kwa bibi. Wacheke tu. Ni hiyo inayotoa mupunga wetu njia ya Kabambare. Bila hiyo tunarudi kubeba kichwani na kusukuma baiskeli kwenye matope.

Musimu wa mvua uliopita ikaanza ugonjwa. Ikitembea, hakuna neno. Ikisimama huku moteri inanguruma, kwenye bariere ya askari au sokoni, maji yanachemka na mvuke unatoka kama sufuria ya muhogo. Binti yangu akaniletea neno la mume wake: radiateri, ile inayopoza maji ya moteri, imechoka, inatakiwa nyingine. Asubuhi ileile, hata sijajibu, shemeji yangu, mudogo wa marehemu, akafika kunipa pole. Akasema gari ikianza kuchemka imekwisha kufa. Kwa bahati iko mufanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila anayependa magari ya zamani, ataichukua hivyohivyo ilivyo.

Nikamuuliza nani amemwambia inachemka. Akasema muji muzima unajua.

Muji muzima ulikuwa haujui. Mimi mwenye jipu nilikuwa nimejua muda uleule.

Tangu hapo nikawa ninawaangalia. Shemeji na mukwe wangu wakikutana walisalimiana kwa haraka, kama watu waliomaliza mazungumzo yao mahali pengine. Mukwe akawa anaosha jipu bila kutumwa. Nani anaosha gari inayokufa, kama si mutu anayetaka kuiuza? Nikaufunga ufunguo wa jipu kwenye ncha ya kitenge, nikawa ninalala nao. Nilijisemea: wameiharibu kwa makusudi, ili nichoke, niiachie, wagawane. Kisha shemeji akatuma neno kwamba yule wa Salamabila anakuja Jumamosi kuichukua.

Kuichukua. Hakusema kuitazama.

Basi nikaamua kutafuta ugonjwa mwenyewe kabla ya Jumamosi. Mimi shule niliiacha mapema, nikashika jembe, lakini marehemu alipokuwa chini ya jipu hiyo nani alikuwa anamupa vyombo? Nikatazama maji: yamejaa. Chini ya moteri hapana hata tone. Nikabonyeza mukanda unaozungusha vantilateri, ile feni ya moteri: umekaza vizuri. Halafu nikamwambia binti yangu, "Mwambie mume wako aiwashe, aiache imesimama hapa uwanjani."

Mume wake alikuwa amesimama palepale, masikio yake mazima. Akangoja aambiwe, akapokea ufunguo kwa muke wake, kisha akaiwasha.

Ilipoanza kupata joto nikaipapasa radiateri na kitambaa, juu, chini, pembeni. Joto lilikuwa moja. Ingekuwa imeziba, pangekuwa na mahali pa baridi. Kumbe radiateri haijachoka. Aliyesema imechoka, ama hajui, ama ananidanganya, na siku zile mimi nilichagua la pili.

Kungoja bure siwezi. Nilikuwa na muchele wa kupepeta, nikachukua ungo nikasimama mbele ya jipu nipate kuangalia huku na huku. Nikarusha. Makapi yakaanguka kwenye miguu yangu.

Hapo mikono yangu ikasimama. Marehemu alikuwa ananigombeza karibu kila mavuno kwa ajili ya makapi. Jipu ikiwa imesimama na moteri inazunguka, ilikuwa inavuta hewa kwa mbele, makapi yanaruka na kujaza uso wa radiateri, na yeye anayachokoa kwa kijiti akinung'unika. Hata kitenge kilikuwa kinanata pale. Nikarusha tena. Yakaanguka tena. Nikainua ncha ya kitenge mbele ya radiateri, ikaning'inia kama nguo kwenye kamba.

Jipu ilikuwa haivuti pumzi. Ikitembea, upepo wa njia unaisaidia. Ikisimama, haina wa kuisaidia.

Nikasema izimwe, nikainamia moteri. Vantilateri ni mapanga manne ya chuma nyuma ya radiateri. Bulo zote zinazokaza vyuma vya moteri ile zilikuwa na mafuta na vumbi la miaka, isipokuwa zile zinazoshika mapanga. Hizo ziling'aa. Na upande mweusi wa mapanga, ule unaorushiwa mafuta ya moteri, ulikuwa unatazama mbele. Yamefungwa kinyume.

"Muulize mume wako nani amefungua hapa."

"Mama anauliza nani amefungua hapa."

"Mwambie Mama ni mimi."

"Muulize kwa nini."

Binti yangu alianza kuuliza, lakini mume wake alikwisha kujibu, akitazama gurudumu. Daraja lilikuwa limeanguka. Alitoa mapanga yasirushie moteri maji, akavuka muto, akayarudisha haraka kwenye mvua. Madereva wote wa njia ile wanafanya hivyo, lakini mimi nilikuwa nimemukataza kuingiza jipu kwenye maji.

"Ng'ambo alifuata nini?"

Sasa binti yangu ndiye aliyemugeukia, maana hata yeye hakujua. Mukwe akasema baba mudogo, yule shemeji yangu, alimwambia kwamba mimi nimekubali kuuza, twende tumuonyeshe mununuzi, na muke wake asiambiwe, neno la gari ni la wanaume. Njiani kurudi wakasimama, ikachemka mara ya kwanza. Shemeji alikuwa ndani.

Sikungoja binti yangu tena. "Na kwa nini wewe hukuniuliza?"

"Ningekuuliza kwa mudomo gani, Mama?"

Heshima yetu yote ile, shemeji alikuwa amepita katikati yake kama kwenye mulango wazi.

Akayageuza mapanga, akaiwasha. Nikarusha makapi, yakakimbilia radiateri na kunata pale. Niliyapangusa mwenyewe, kwa sababu ya marehemu.

Jumamosi walipofika, jipu ilikuwa inanguruma uwanjani. Niliwapa viti karibu nayo, tukaongea mvua, tukaongea njia. Shemeji alikuwa anaangalia kifuniko cha moteri kama mutu anayengoja mugeni. Mugeni huyo, mvuke, hakuja. Mwishowe yule wa Salamabila akauliza kama imepona.

"Haikuwa inaumwa," nikasema. "Ilikuwa imegeuzwa. Haiuzwi. Shemeji, kunywa chai yako urudi nyumbani."

Alikunywa, akarudi. Hajanipa pole tena.

Siku hizi ninakaa mbele. Wanawake wenzangu wamesema sana, waseme. Ninashusha kitenge cha kichwani upande wa mukwe, ninaacha nafasi ya jicho moja kwa ajili ya mushale unaoonyesha joto la moteri. Ninamwamini sasa, hata kuvuka muto nimemuruhusu. Hata hivyo, tukifika kwenye maji ninashuka, na akimaliza kuvuka na kufunga bulo ninamuuliza, mimi mwenyewe, upande mweusi uko wapi.

"Nyuma, Mama."

Ninainama, ninaangalia, ndipo ninapanda.