Muhuri Ulionipeleka Shambani

Mama mkwe wangu, mkulima wa mpunga kule Mbuchi, kando ya mto, alinikuta kwenye duka la intaneti hapa Kibiti.

"Mkwe, ni wewe uliyeandika mtandaoni kwamba mto hautafurika, tusiharakishe kuvuna?"

Watu wote waligeuka. Mimi nilikumbuka kabisa kwamba niliwaonya wavune mapema. Nikainua kidole kama mwalimu.

"Mama, kuna mtu amebadilisha maneno yangu. Bahati nzuri niliyapiga muhuri wa kompyuta siku ileile. Muhuri huo hutoa namba ndefu pamoja na saa. Ikibadilishwa hata herufi moja, namba haifanani tena."

Nikamwomba mwenye duka ahakiki mbele ya wote. Alitazama kioo cha kompyuta, akakuna kidevu.

"Kaka, namba ni ileile. Hakuna aliyegusa hata nukta."

Kidole changu kilikuwa bado hewani. Kumbe muhuri ule haumlindi mwandishi. Unalinda maneno yake, hata yakiwa ya kipumbavu.

Mama mkwe alijifunga kanga upya. "Basi mwizi wa maneno hayupo. Mpunga wangu umo majini. Kesho uje na kaptura."

Nilikwenda. Maji yalinifika kiunoni, na tuliokoa nusu ya shamba.